Wema na Idhini: Falsafa ya Maadili Katika Barabara ya Alimbongo

Asafiriye kwa barabara ya taifa namba 2 ya Kongo kutoka Goma kwenda Butembo, akisha kuupita mji wa Kanyabayonga na kuanza kupanda milima ya Lubero, hufika mahali paitwapo Alimbongo, ambapo ardhi imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu huchelewa kuondoka asubuhi, na wakulima waliojifunika makoti mazito huvuna viazi ulaya, kabichi na vitunguu vya kupakiwa katika malori yaendayo mijini. Nimeichagua barabara hiyo iwe mlango wa makala haya kwa sababu maswali ambayo wanafalsafa wa maadili hujadiliana vyuoni kwa mifano ya kubuni, huko yaliulizwa kwa kweli, na watu wenye shughuli zao, baina ya mwaka 2018 na mwaka 2020, wakati maradhi ya Ebola yalipoishika nchi ya Wanande kutoka Beni hadi Butembo, yakateremka na barabara mpaka yakagusa hata eneo la afya la Alimbongo lenyewe.

Falsafa ya maadili ni elimu ya kupima matendo. Haiulizi watu hufanya nini, maana hilo ni jukumu la mwanahistoria na mwandishi wa habari. Huuliza ipasayo kufanywa ni nini, na ni hoja gani ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitoa hata mwenziwe akakinai. Kwa muda mrefu katika karne ya ishirini wasomi wengi wa elimu hiyo huko Uingereza na Marekani walizama katika kuchambua maana ya maneno kama wema na wajibu, wakayaacha mambo ya sokoni na hospitalini kwa mapadri, masheikh na wanasheria, mpaka katika miaka ya 1960 na 1970 vita vya Vietnam, majaribio maovu ya utabibu na njaa za mataifa maskini vilipowarudisha katika dunia ya watu. Tangu hapo limekuwako tawi zima la elimu hiyo linaloshughulika na mambo ya kila siku: nani atibiwe kwanza, nani aambiwe nini, mali igawanywe vipi, na mtu anadaiwa nini na mgeni asiyemjua.

Tutwae kwanza jambo moja dogo. Katika siku za maradhi, vizuizi vya afya viliwekwa barabarani: gari lilisimamishwa, abiria wakateremka wote, wakanawa mikono kwa maji yaliyotiwa klorini, yakitoka katika ndoo yenye bilula, kisha wakapita mmoja mmoja mbele ya mtumishi wa afya aliyewaelekezea kipajini kipima joto kisichogusa ngozi. Tumfikirie basi mwanamke mchuuzi wa vitunguu anayekwenda Butembo, ambaye tangu usiku anahisi homa. Anajua, wala hakukosea, kwamba homa nyingi za nchi yake ni malaria au homa ya matumbo. Anajua kwamba akizuiliwa mzigo wake utaoza na ada ya watoto haitalipwa. Na mkobani ana vidonge vya parasetamoli, ambavyo akivimeza mapema joto litateremka na kipimo hakitamfichua. Je, avimeze?

Mfuasi wa Jeremy Bentham na John Stuart Mill, waliofundisha kwamba tendo hupimwa kwa jumla ya heri na madhara linayowaletea watu wote, angeuweka mzigo wa vitunguu upande mmoja wa mizani na maisha ya abiria wote wa gari upande wa pili, asikawie kutoa hukumu. Immanuel Kant angemwuliza kama yu radhi kila msafiri mwenye homa atende kama yeye, maana siku wote watakapotenda hivyo kizuizi kitakuwa ni mchezo wa bure, na yeye mwenyewe atakaa katika gari lililojaa wagonjwa waliojificha. Aristotle angetazama tabia inayojengeka moyoni mwa mtu anayezoea kuficha. Wote watatu wangemkataza, na mimi namkataza pamoja nao. Ila katika hukumu hiyo ya haraka kuna jambo lililosahauliwa, nalo ni upande wa pili wa kizuizi: aliyekiweka ni nani, na mchuuzi akisema kweli atatendewa nini? Akisema nina homa, kisha mzigo wake ukaachwa juani, akapelekwa mahali ambapo jamaa zake hawaruhusiwi kumwona, na akarudi nyumbani baada ya siku kadhaa akiwa mzima lakini fukara, basi aliyedai kuambiwa kweli ameichukua kweli bila kuilipia. Anayedai haki ya kuambiwa kweli ana wajibu wa kuifanya kweli iweze kusemeka. Na nadhani makosa mengi yaliyotendwa Beni na Butembo na watu wenye nia njema yalitokana na kuusahau wajibu huo.

Waislamu wa kale walilikabili jambo lililo jirani na hili katika mwaka wa 18 wa Hijra, yaani 639, wakati tauni ya Amwas ilipokuwa ikiteketeza watu wa Sham. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda huko, akafika mahali paitwapo Sargh, ndipo habari za wabaa zilipomjia. Hakuamua papo hapo. Aliwaita kwanza Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, ndio waliokubaliana kwa neno moja kwamba arudi na watu wake. Abu Ubaida, aliyekuwa amiri wa jeshi la Sham, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na mafundisho ya Mtume kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikiwakuta mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Abu Ubaida alibaki na askari wake, akafa kwa tauni hiyo. Wengi wakikisoma kisa hiki husifu hekima ya karantini, na inastahili sifa; mimi huvutiwa zaidi na yale mashauri matatu. Mtawala aliyekuwa na uwezo wa kuamrisha, tena katika jambo lililokuwa na haraka, aliona kwamba watu watakaoishi au kufa kwa uamuzi wake wana haki ya kuulizwa kabla.

Sasa tuangalie yaliyotukia Kivu ya Kaskazini. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, magharibi ya Beni, ukiwa ni wa kumi katika historia ya Kongo tangu virusi vilipotambuliwa Yambuku mwaka 1976. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuhesabiwa wagonjwa 3,470, ambao kati yao walikufa 2,287. Ni wa pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya ule wa Afrika ya Magharibi wa 2014 hadi 2016. Na kinyume na ule wa Afrika ya Magharibi, safari hii dunia ilikuja na silaha mpya: chanjo iliyotolewa kwa mzunguko, yaani kwa kila aliyemgusa mgonjwa na kila aliyemgusa mguswa, ambayo walidungwa watu zaidi ya 300,000, na dawa ambazo zilikuwa bado hazijathibitishwa. Kwa nini basi maradhi yakadumu karibu miaka miwili?

Mtu hataijua sababu asipojua ghadhabu ya watu wa Beni. Tangu Oktoba 2014 raia wa wilaya hiyo walikuwa wakichinjwa kwa mapanga na kupigwa risasi mashambani na majumbani, na mauaji hayo hunasibishwa zaidi na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Walilia miaka minne, na msaada uliowafikia ulikuwa haba. Ilipozuka Ebola, ambayo inaweza kupanda ndege na kufika Ulaya, magari yakajaa barabarani, fedha zikamwagika, na wataalamu wakawasili kwa makundi. Mkulima aliyemzika kaka yake aliyekatwa panga akauliza, kwa hoja ambayo hakuna profesa wa maadili angeikataa, kwa nini kifo kimoja kinahesabiwa na kingine hakihesabiwi. Tena katika miaka hiyo hiyo ya 2019 na 2020 surua iliua watu zaidi ya 7,000 nchini Kongo, wengi wao wakiwa watoto wadogo, idadi inayoupita ule mlipuko wa Ebola kwa mbali, na chanjo ya surua ni ya zamani na ya bei nafuu. Ukaja uchaguzi: tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura ya taifa, tume ya uchaguzi ikaahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali rais mpya angekwisha kuapishwa. Watu wa Beni wakapanga foleni tarehe 30 Desemba wakapiga kura zao wenyewe za mfano, wakinawa mikono kabla ya kutumbukiza karatasi, ili waoneshe kwamba kilichosemekana hakiwezekani kinawezekana. Tangu siku ile maradhi yakawa, machoni mwa wengi, ni jambo la siasa. Na watu wakazungumza waziwazi juu ya biashara ya Ebola, wakimaanisha kwamba ipo mikono inayoombea ugonjwa usiishe.

Nayaeleza haya bila kuyatumia kuwa udhuru wa damu. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa Kikameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo alipokuwa katika kazi ya kuokoa watu. Na watumishi wa afya wenyeji, wana wa nchi hiyo hiyo, walipigwa na kuuawa pia. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu asiye na kosa, na hakuna mizani ya maadili, iwe ya faida, ya wajibu au ya fadhila, ambayo ingepata njia ya kulihalalisha tendo hilo. Ila kuulaani uuaji ni jambo moja, na kuwaita wote waliokataa chanjo kuwa ni wajinga ni jambo jingine. Na hilo la pili lilisemwa mara nyingi mno, hata na watu waliotazamiwa kujua zaidi.

Mazishi ndiyo yaliyokuwa mtihani mkubwa, nami nitayakalia kidogo. Maiti wa Ebola ana hatari kubwa ya kuambukiza, kwa kuwa virusi huwa vimejaa katika majimaji yote ya mwili wake. Hivyo kumwosha, kumkumbatia na kumvika nguo zake nzuri, matendo yote hayo ya mapenzi, yaliweza kuifuatisha nyumba nzima kaburini. Katika hilo hoja ya maslahi ya umma haikuwa na mshindani: desturi ilibidi isimame. Lakini katika miezi ya mwanzo jambo la haki lilitendwa kwa namna isiyo ya haki. Watu waliovaa mavazi yaliyowafunika kichwa mpaka vidole, nyuso zao hazionekani, waliingia nyumbani na kutoka na mfuko uliofungwa, na wafiwa wakabaki wakishuku kwamba ndani hamna ndugu yao, au kwamba viungo vyake vimetolewa vikauzwe. Uvumi huo haukuwa kweli. Lakini mtu aliyefichwa ushahidi ana haki ya kuudai.

Kisha yakaja mageuzi yaliyoonesha kwamba heshima na usalama si mahasimu. Ilitumika mifuko ya maiti yenye sehemu angavu mbele ya uso, ili mama amwone mwanawe na kuhakikisha kwamba ni yeye. Vijana wa ukoo walivishwa mavazi ya kinga na kufundishwa kulibeba jeneza wenyewe, na baadhi ya vijiji vikapata timu zao za mazishi, za watu wanaojulikana kwa majina na kwa wazazi wao. Katika kituo cha Beni shirika la ALIMA lilisimamisha vyumba vya plastiki angavu ambavyo mgonjwa hulala ndani na jamaa zake wakasimama nje hatua moja, wakimwona, wakizungumza naye, wakimwombea, ilhali daktari akiingiza mikono katika glovu zilizoshonwa ukutani. Kwa Waislamu, ambao kumwosha maiti kwao ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ulikwisha kuruhusu, tangu mlipuko wa Afrika ya Magharibi, tayamamu badala ya maji. Hakuna hata moja katika hayo lililohitaji virusi viachiwe njia. Yalihitaji tu mtu akae na wafiwa awaulize: katika yote mnayomtendea maiti wenu, lipi hamwezi kuliacha? Na jibu likawa dogo kuliko ilivyodhaniwa, maana wengi walitaka uso uonekane, na mkono wa jamaa uwemo katika kubeba.

Ipo ikhtilafu nyingine ambayo haikutiwa maanani sana magazetini, nayo ni ya wanawake wajawazito. Kwa kuwa chanjo ilitengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, wajawazito na wanaonyonyesha walitengwa mwanzoni, kwa hoja kwamba usalama wao haujathibitishwa. Hoja hiyo ina sura ya huruma. Lakini mjamzito aliyeambukizwa Ebola yu katika hatari kubwa mno, na mimba yake karibu haina matumaini. Hivyo kumkinga na hatari isiyojulikana ya sindano kulikuwa ni kumwacha mbele ya hatari inayojulikana ya maradhi, tena bila yeye kuulizwa achague ipi. Wataalamu wa maadili walipiga kelele, na katika mwaka 2019 mlango ukafunguliwa. Nalitaja hili kwa sababu linatufunza kwamba kuna namna ya kumnyima mtu hiari yake kwa jina la kumhurumia, na namna hiyo ni ngumu kuitambua kuliko ukatili wa wazi.

Nikitakiwa nitaje mahali ambapo fikira za maadili zilifanya kazi yake vizuri kuliko pengine pote, nitataja utafiti wa dawa ulioanza mwezi wa Novemba 2018 na kupewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Marekani na Shirika la Afya Duniani. Dawa zilikuwa nne, na mojawapo, iitwayo mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Wagonjwa 681 waliingia, na kila mmoja alipata dawa yake kwa kura. Msomaji atashtuka: mtu anakata roho, nanyi mnapiga kura? Shtuko hilo ni la heshima, lakini na tulipime. Kura ni dhuluma pale tabibu anapojua dawa bora kisha akamnyima mgonjwa, kama walivyonyimwa penisilini wanaume weusi wenye kaswende huko Tuskegee, Marekani, katika utafiti uliodumu kutoka 1932 hadi 1972, watu wakaachwa wafe ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda. Pale ambapo kwa kweli hakuna ajuaye, na kila mmoja anapewa dawa yenye matumaini pamoja na matunzo yote yaliyopo, kura ndiyo njia pekee isiyompendelea mwenye jamaa hospitalini wala mwenye fedha mfukoni. Na dalili ya uadilifu wake ni namna ilivyokoma: Agosti 2019, wasimamizi huru walipoona kwamba katika waliopewa dawa mbili hufa kama theluthi moja tu, ilhali katika waliopewa nyingine mbili hufa kama nusu, kura ilisimamishwa na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili bora. Kujua kulipoingia, kura ilitoka.

Lililobaki gumu ni ridhaa. Mtu mwenye homa kali, anayetapika, aliyezungukwa na watu asiowaona nyuso, akisomewa karatasi ya utafiti, ridhaa yake ina uzito gani? Wapo wasemao haina uzito wowote, na kwa hiyo utafiti wa namna hiyo ni haramu daima. Hao, kwa kutaka kumheshimu mgonjwa wa leo, wanamhukumu mgonjwa wa kesho asiwe na dawa. Rai yangu ni kwamba ridhaa ya mgonjwa mahututi ni pungufu lakini si batili, maadamu ameelezwa kwa lugha aliyonyonya au anayoitumia sokoni, Kinande au Kiswahili. Maadamu akikataa hatapungukiwa na matunzo hata kidogo. Na maadamu jamii yake, iliyo nje ya kitanda na yenye akili tulivu, imeshauriwa mapema. Masharti haya yana upande wa pili ambao haujatimizwa. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka watu waliojitoa katika utafiti wasinyimwe matunda yake. Dawa mbili zilizoshinda ziliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Sehemu kubwa ya akiba yake ikawekwa huko huko, na Médecins Sans Frontières wamelalamika hadharani kwamba wagonjwa wa Afrika, ambako maradhi yapo, hawazipati inavyostahili. Watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina ndio waliozijua dawa hizo kwa miili yao kabla dunia haijazijua kwa maandishi. Wana haki nazo, na haki hiyo si sadaka.

Baya kuliko yote lilidhihirika baadaye. Mwaka 2020 waandishi wa habari walikusanya ushuhuda wa wanawake zaidi ya hamsini wa Beni waliosema kwamba walitakiwa watoe miili yao ili wapate au wasipoteze kazi katika timu za kupambana na Ebola, na Septemba 2021 tume huru ikawataja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani, lililoomba radhi. Hapa hakuna swali gumu la falsafa, wala sitajifanya kulitafuta. Mwenye kuja kuokoa akawa ndiye mwenye kudhuru, na kwa kuwa alikuwa mwokozi ikawa vigumu kumshtaki. Tangu hapo kila mradi wa msaada unaoingia mji wenye njaa hauna budi kuulizwa, kabla ya gari la kwanza kushuka, mwanamke aliyekosewa atakwenda kwa nani, na huyo atakayemwendea analipwa mshahara na nani.

Na heri nayo ionwe. Katika vituo vya kulelea watoto vilivyowekwa jirani na hospitali za Beni na Butembo, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walihitaji kubebwa, kunyweshwa na kulazwa kifuani, na aliyeambukizika hakuweza kuwagusa bila kinga. Walioifanya kazi hiyo ni wanawake waliopona Ebola, ambao miili yao sasa ilikuwa na kinga, na ambao baadhi yao walikuwa wamezika watoto wao wenyewe. Aristotle alifundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda, na kwamba mwenye fadhila hutenda jambo lipasalo kwa namna ipasayo na kwa wakati upasao. Sijui mfano wa karne hii unaotosheleza maneno hayo kuliko huo. Na ugonjwa uliporudi Butembo Februari 2021, ukashughulikiwa zaidi na wauguzi na viongozi wenyeji waliokwisha kuujua na kujulikana, ulikoma Mei ya mwaka huo huo baada ya wagonjwa 12.

Barabara ya Alimbongo haikupata raha ndefu. Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na aila kwa maelfu zikapanda barabara kuelekea Lubero na Butembo, magodoro kichwani, watoto mgongoni, na kabla ya mwaka kwisha vita vikafika Alimbongo kwenyewe. Wengi wa wakimbizi hao hawakulala kambini. Walipokewa katika nyumba za wenyeji. Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, akiwafikiria wakimbizi wa Bengali wa mwaka uliotangulia, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba ikiwa tunaweza kuzuia jambo baya bila kupoteza kitu chenye thamani iliyo sawa nalo, tunawajibika kulizuia, na umbali wa mhitaji hautuondolei wajibu. Makala hayo yaliwaelekea matajiri walio mbali. Hayakuuliza habari za maskini aliye karibu: mkulima wa nyanda za Lubero mwenye vyumba viwili na wageni tisa, ambaye akiba yake imekwisha na kilichobaki darini ni viazi vya mbegu vya msimu ujao. Akivipika, wageni watakula wiki mbili, na mwakani watoto wake na wageni hao hao hawatakuwa na shamba. Asipovipika, mtoto wa mgeni atalala na njaa mbele ya macho yake usiku huu.

Ukiihesabu kanuni ya Singer kwa uangalifu, itamruhusu mkulima azuie mbegu, maana kinachopotea kina thamani iliyo sawa na kinachookolewa. Lakini nani atamwambia hivyo mama wa nyumba aliyesikia mtoto akilia? Nadhani kosa limo katika kumpa mtu mmoja swali zima. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walipotofautisha faradhi ya kila mtu na faradhi ya kifaya, walisema kwamba hii ya pili wakiitekeleza wa kutosha imewaondokea wote, na asipoitekeleza yeyote, dhambi ni ya wote. Kumlisha aliyekimbia vita ni katika hiyo ya pili. Kwa hiyo mbegu ikipikwa Alimbongo, wenye dhima ni wengi kuliko yule aliyewasha moto: wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wameneemeka kwa viazi vya nyanda hizo, parokia na misikiti ya miji hiyo, serikali iliyoko Kinshasa, na mashirika yaliyojua njia ya kufika huko upesi Ebola ilipokuwapo, nayo yatadaiwa pamoja na wengine mpaka gunia la mbegu limrudie mkulima kabla ya msimu wa kupanda.